Zebaki Hii ni ya Nani?

Tuchukulie kwamba maji yote ya Ziwa Victoria, kutoka Mwanza hadi Kisumu na Entebbe, yamekorogwa yakawa sawa, na kwamba kila lita ina nanogramu moja ya zebaki. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu; hakuna mzani wa sonara unaoweza kuihisi. Ziwa lina takriban kilomita za ujazo 2,750 za maji. Ukizidisha unapata zebaki ya tani mbili na robo tatu. Na kwa kuwa zebaki ni nzito mara 13 na nusu kuliko maji, yote hiyo itajaza pipa moja la lita 200 hivi, lile la mafuta ambalo mafundi wetu hulipasua wakatengeneza majiko. Pipa moja limepotelea katika ziwa zima, na mkemia aliyeletewa chupa ya nusu lita anaulizwa: limo au halimo?

Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, sidai kwamba ndicho kilichomo ziwani. Lakini viwango vya namna hiyo, nanogramu chache kwa lita, ndivyo ambavyo maabara nzuri huvisoma siku za kazi za kawaida. Kuiona zebaki kidogo si muujiza tena. Kinachonishughulisha mimi ni swali linalokuja baada ya jibu, ambalo nje ya maabara halisikiki sana: zebaki hii uliyoiona ni ya nani? Ni ya ziwa, ya chupa, ya asidi, ya hewa ya chumbani, au ya jino la mtu aliyeinama juu ya sampuli?

Kuiona ni rahisi kwa sababu ya tabia yake yenyewe. Metali nyingine, tuseme risasi au kadimi, hazisomeki kwa mwanga mpaka zipulizwe kwenye mwali wa moto wa nyuzi 2,000 na zaidi, ndipo atomi zake ziachane. Zebaki haingoji moto. Haigandi mpaka joto lishuke kufikia karibu nyuzi 39 chini ya sifuri, na ikiachwa wazi mezani hutoa mvuke polepole, mvuke wa atomi zilizotawanyika moja moja. Pitisha mvuke huo ndani ya mrija wenye madirisha ya kwatzi, uumulike kwa taa ambayo nayo ina zebaki ndani yake, na atomi za kwenye mrija zitameza mwanga uliotoka kwa atomi za kwenye taa. Zinameza mwanga wa aina moja: urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7, ambao jicho la binadamu halioni. Kinachopimwa ni kile kiasi cha mwanga kilichopungua njiani. Zebaki inamtambua mwenziwe, na chuma, shaba au zinki iliyomo kwenye sampuli hiyohiyo haina habari.

Wazo hilo ni kongwe kuliko mashine zake. Fraunhofer aliichora mistari myeusi iliyomo kwenye mwanga wa jua mwanzoni mwa karne ya 19, na miaka ya 1859 na 1860, huko Heidelberg, Kirchhoff na Bunsen wakaonyesha kwamba mistari hiyo ni alama za elementi, kila moja na zake. Baada ya hapo, kwa karibu miaka 100, wakemia wengi waliupima mwanga unaotolewa na atomi wakauacha ule unaomezwa. Alan Walsh, Mwingereza aliyefanya kazi Melbourne, alisimulia kuwa wazo la kuligeuza jambo hilo lilimjia Jumapili moja ya mwaka 1952 akiwa kwenye bustani yake. Makala yake ilitoka mwaka 1955. Zebaki ilikuwa imemtangulia kidogo, kwani mwaka 1939 Woodson, wa kampuni ya General Electric ya Marekani, alikwisha kutengeneza kifaa cha kugundua mvuke wa zebaki hewani kwa mwanga huohuo. Mwaka 1968 Hatch na Ott wakaeleza namna ya kuitoa zebaki kwenye myeyusho kwa kemikali na kuipeleka mbele ya mwanga ikiwa baridi. Njia yao ya mvuke baridi ndiyo mama wa nyingi zinazotumika mpaka leo.

Samaki hawezi kuingizwa kwenye mashine akiwa samaki. Nyama yake, kama yalivyo matope ya kijito au udongo wa shamba, lazima kwanza ivunjwevunjwe kwa asidi ya nitriki na ya salfuriki katika joto la wastani. Joto likizidi katika chombo kilicho wazi, zebaki hupaa kabla haijasomwa, na samaki mwenye sumu hutoka maabara akiwa na cheti cha usafi. Kisha huongezwa pamanganeti ya potasiamu, na hapo jicho linapata kazi. Ile zambarau nzito ya pamanganeti inapaswa kudumu. Ikififia, ujue kuna mabaki ya nyama au majani yanayoendelea kuila, na huenda kuna zebaki ambayo bado imejificha humo. Unaongeza, unangoja, unatazama tena. Zambarau ikikubali kukaa unaiondoa mwenyewe kwa kemikali nyingine, unatia kloridi ya bati, na zebaki iliyokuwa imefungwa kama chumvi inarudi kuwa metali. Hewa au gesi ya agoni inapulizwa ndani ya chupa na mapovu yanapanda yakiwa yamebeba mvuke. Kwenye skrini kilima kidogo kinainuka na kushuka. Kazi ya siku nzima imeishia kwenye kilima kile.

Maji ya bahari yana mtego wake. Kloridi iliyomo humo, ikikutana na pamanganeti, hugeuka kuwa klorini, nayo klorini humeza mwanga palepale jirani na nanomita 253.7. Mtu akipima maji ya bandari ya Tanga bila kuifukuza klorini atapata zebaki isiyokuwepo, tena kwa mashine iliyo nzima kabisa.

Kuna mtu aliyelijua swali la zebaki ya nani kwa mwili wake. Alfred Stock, mkemia wa Ujerumani, alifanya kazi kwa miaka mingi akizungukwa na vifaa vilivyojaa zebaki, katika vyumba visivyopata hewa ya kutosha, matone yakidondoka na kujificha katika nyufa za sakafu. Kichwa kilimuuma, mafua hayakwisha, na kumbukumbu, mali kubwa ya msomi, ikaanza kumtoroka. Alichelewa sana kujua sababu. Mwaka 1926 alichapisha onyo juu ya hatari ya mvuke wa zebaki, akijitoa yeye na wenzake wa maabara kuwa ushahidi. Baada ya hapo akaupeleka ustadi wake kwenye kupima viwango vidogo. Zebaki yote aliyoikusanya kutoka kwenye sampuli aliifanya kitone kimoja, akakiweka chini ya hadubini, akapima kipenyo chake, na kutoka kwenye kipenyo akapata uzito. Aliikuta karibu kila alipoitafuta. Msomaji wa leo hawezi kuacha kujiuliza ni kiasi gani cha zebaki hiyo kilikuwa cha chumba chake mwenyewe.

Wanaofanya kazi hii siku hizi wameujenga utaratibu wao wote juu ya shaka hiyo. Kipimajoto kilichovunjika zamani na kufagiliwa kwa haraka kinaweza kuendelea kutoa mvuke kutoka kwenye pengo la sakafu. Plastiki ya kawaida hupitisha mvuke huo, hivyo maji safi yaliyohifadhiwa kwenye chumba chenye hewa chafu hupata zebaki wakati chupa imefungwa vizuri. Na kinyume chake, sampuli iliyokaa bila asidi huipoteza zebaki yake kwenye kuta za chupa. Ndiyo sababu hutumika chupa za kioo au za Teflon zilizolowekwa kwa asidi na kusuuzwa tena na tena. Miongozo ya Marekani ya kuchukua sampuli za maji hutaka watu wawili kwa chupa moja: mwenye mikono safi hagusi kitu ila chupa, na mwenye mikono michafu anashika mengine yote. Miongozo hiyo inamtahadharisha hata mtu mwenye meno yaliyozibwa kwa amalgamu, kwa sababu pumzi yake inatoa mvuke wa zebaki.

Lakini kinga kubwa kuliko zote ni kitu ambacho mgeni wa maabara angekiona cha kipuuzi: sampuli tupu. Ni maji na asidi bila samaki, vinavyopitishwa njia ileile, kwenye vyombo vilevile, kwa mikono ileile. Sampuli tupu ikisoma 5 na samaki akasoma 6, cha samaki ni 1, na hiyo 1 ni ya kutiliwa shaka. Hata kile kiitwacho kikomo cha utambuzi, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho maabara inaweza kudai kukiona, kwa kawaida hukokotolewa kutokana na kuyumba kwa sampuli tupu, mara tatu ya kuyumba huko. Maana yake ni kwamba maabara haiwezi kuona mbali zaidi ya usafi wake. Unaweza kununua mashine ya bei ya nyumba ukaiweka katika chumba kichafu, na ukapitwa na mtu mwenye mashine ya zamani na mhudumu anayejua kuosha vyombo. Kisha kuna mtihani wa mwisho, wa vitu ambavyo zebaki yake inajulikana tayari: unga wa nywele za binadamu ulioandaliwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, au unga wa papa kutoka Baraza la Taifa la Utafiti la Canada. Ukishindwa kupata jibu la papa wa Canada, hakuna sababu ya mtu kukuamini juu ya sangara wa Mwanza.

Na mashine nayo haisahau upesi. Ikipitishiwa sampuli yenye zebaki nyingi mno, mirija yake hubaki na masalia, na sampuli chache zinazofuata hubeba dhambi isiyo yao. Naomba msomaji alishike hilo, maana nitafika kwenye sabuni.

Zebaki ikiwa kidogo sana, wakemia huikusanya kwanza. Mvuke hupitishwa juu ya mchanga au nyuzi zilizopakwa dhahabu, na dhahabu huidaka zebaki yote inayopita. Kisha dhahabu inapashwa moto kwa ghafla, zebaki inaachia kwa mkupuo mmoja, na mwanga unaisoma. Mchimbaji mdogo wa Geita anaifahamu kemia hiyo kutoka upande wa pili. Yeye anayo dhahabu kidogo iliyotawanyika katika mchanga uliosagwa kwenye makarasha na kusafishwa mwaloni, na sasa anatia zebaki kwenye karai, anafikicha kwa mkono, na zebaki inaikusanya dhahabu. Kisha anachoma. Zebaki inapaa na dhahabu inabaki. Tofauti ni kwamba maabara imefunga kila mlango ili isipoteze hata nanogramu moja, na mchimbaji anaiachia hewani gramu nzima, mara nyingi zaidi ya gramu moja kwa kila gramu ya dhahabu anayopata. Yale marudio, yaani mchanga uliobaki, nayo yana zebaki, na yakipelekwa kwenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanidi, sayanidi huiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu na kuipa njia nyingine ya kusafiri.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ulitoa asilimia 38 ya zebaki yote ambayo shughuli za binadamu ziliingiza hewani mwaka 2015, kiasi cha tani 838. Hakuna sekta nyingine iliyoufikia. Kwa hiyo miaka ya 1990, watafiti walipoanza kulitazama Ziwa Victoria, kila mtu alikuwa na hadithi iliyokwisha kuandikwa kichwani: zebaki inatoka kwenye maduara ya dhahabu, inashuka na mito, inageuzwa na bakteria wa matope kuwa methili zebaki, inapanda kutoka kwa mdudu hadi dagaa hadi sangara, na mwisho inafika kwenye sahani. Hadithi hiyo si ya kubuni. Sehemu yake ya mwisho, kutoka majini hadi kwenye sahani, ndiyo iliyotokea Minamata, Japani, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini na ugonjwa ukatambuliwa rasmi Mei 1, 1956. Methili zebaki katika samaki mla samaki inaweza kuzidi ya kwenye maji kwa mamilioni ya mara, na sangara ni mla samaki hasa.

Vipimo vilikataa kuifuata hadithi. Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa taasisi ya Minamata walichapisha mwaka 1996 matokeo ya samaki na watu wa ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria, na zebaki ya samaki wa ziwani ilikuwa chini. Tafiti za baadaye zilielekea upande huohuo. Sangara wengi wa ziwa wako chini ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo kinachotumiwa na mataifa mengi, na watafiti walitaja sababu kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba sangara hukua upesi hata zebaki anayoila haipati nafasi ya kujilimbikiza. Karibu na machimbo yenyewe, kwenye vijito na madimbwi ya sehemu kama Rwamagasa, hali ni nyingine. Lakini ziwa kubwa halikuwa Minamata.

Akaja Masazumi Harada, daktari aliyetumia maisha yake kuwatetea wagonjwa wa Minamata, pamoja na wenzake. Wakakusanya nywele za wachimbaji, za wavuvi na familia zao, na za wakazi wa jiji la Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Wavuvi, watu wanaokula samaki kila siku na ambao kwa hadithi ile ndio wangekuwa wa kwanza kuumia, kwa jumla walikuwa na zebaki kidogo. Lakini wakatokea watu wachache wenye viwango vya kutisha, baadhi wakiwa hawana uhusiano wowote na dhahabu, na zebaki iliyokuwa kwenye nywele zao haikuwa ile ya samaki. Watafiti waliielekezea kidole sabuni. Sabuni ya kujichubua, yenye iyodidi ya zebaki, iliyokuwa ikiuzwa wazi madukani. Mwaka 2001 kundi hilo likachapisha utafiti mwingine wa Kenya, sabuni zikiwa ndilo somo lenyewe. Nyingi za sabuni za aina hiyo zilitengenezwa Ulaya, ambako sheria ilikuwa imekataza zebaki kwenye vipodozi vya kuuzwa kwa wenyeji tangu miaka ya 1970.

Fanya hesabu hii pia. Sabuni yenye zebaki asilimia 1 ina miligramu 10,000 kwa kilo. Hiyo ni mara 20,000 ya kiwango kinachomfanya sangara azuiwe kuliwa, na ikipitishwa kwenye mashine, sangara watakaofuata ndio watakaobeba dhambi yake. Tulikuwa tunatafuta nanogramu kwa mwanga wa urujuanimno katika nyama ya samaki, na kipande cha zebaki kiko bafuni, kimefungwa kwa karatasi yenye picha ya ua.

Naupenda utafiti ule kwa sababu uliwakatalia waliouandaa. Kundi lenye jina lililotukuka kwa habari ya samaki na methili zebaki lilikuja Mwanza, likapima, na likasema samaki si hoja hapa, tazameni kwenye masinki yenu. Kipimo ambacho hakiwezi kumwangusha aliyekiagiza sioni faida yake.

Nywele zenyewe zinataka tahadhari, na hapa wanaoandika magazetini huteleza. Unywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na methili zebaki ya damuni huingia ndani yake wakati unajengwa, hivyo ukiukata vipande vipande unaweza kusoma mwezi baada ya mwezi mtu alikula nini. Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na dimethili zebaki juu ya glavu zake Agosti 1996. Kemikali ile ilikuwa pale kama kiwango cha kulinganishia vipimo. Ilipenya glavu, dalili zikaja miezi mitano baadaye, akafariki Juni 1997. Unywele wake ulipopimwa ulionyesha mlipuko mmoja baada ya siku ile, kisha kushuka taratibu. Hakuna shahidi wa macho ambaye angeeleza vizuri zaidi. Lakini unywele uleule ukimpima mchimbaji unaweza kukudanganya, kwa sababu mvuke wa karai hutua juu yake kutoka nje, na kwa mtu wa sabuni povu hufanya vivyo hivyo. Kwa mchimbaji kinachofaa kupimwa ni mkojo. Mvuke wa zebaki ukivutwa, karibu asilimia 80 hubaki mwilini na figo hubeba mzigo, ingawa zebaki hiyohiyo ikimezwa kama metali hupita tumboni karibu yote bila kuingia damuni. Asiyejua tofauti hiyo atapima kitu sahihi katika sehemu ya mwili isiyo sahihi.

Na kilima kile cha kwenye skrini hakisemi zebaki ilikuwa ya umbo gani. Asidi na pamanganeti zimevunja kila kitu, chumvi ya sabuni na methili ya samaki zimekuwa sawa. Mtafiti Laszlo Magos alitoa mwaka 1971 njia ya kutenganisha kwa werevu: kloridi ya bati peke yake huitoa zebaki isiyo ya kikaboni, na ikiongezwa kloridi ya kadimi hutoka na ile ya kikaboni, hivyo kwa kusoma mara mbili unapata zote mbili. Haikupita muda Iraki ikaihitaji. Majira ya baridi ya 1971 na 1972 watu wa vijijini walioka mikate kwa ngano ya mbegu iliyopakwa methili zebaki dhidi ya ukungu. Takwimu rasmi zilihesabu 6,530 waliolazwa hospitali na 459 waliokufa humo.

Wakati mwingine kipimo kiko sawa, umbo linajulikana, na bado hakuna kinachotokea. Mwaka 1959 Hajime Hosokawa, daktari wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji taka ya mtambo wa asetaldehaidi. Paka huyo, aliyekuwa na namba 400, akapata ugonjwa uleule wa watu wa Minamata. Kampuni ikalificha jibu hilo. Kiwanda kiliendelea kutumia zebaki mpaka 1968, na Hosokawa alikuja kutoa ushahidi mwaka 1970 akiwa kitandani, karibu na kifo chake. Paka namba 400 angehesabiwa kuwa jaribio dogo mno kwa vigezo vya leo. Lilitosha kabisa.

Mkataba wa Minamata ulipitishwa Kumamoto Oktoba 2013, baada ya safari iliyoanzia Nairobi Februari 2009 ambako serikali zilikubaliana kuanza mazungumzo, na ulianza kutumika Agosti 16, 2017. Unazungumza juu ya sabuni, dhahabu na biashara ya zebaki yenyewe. Ni mkataba mzuri. Lakini mkataba unaishi kwa vipimo, na vipimo vyetu vimekaa upande mmoja. Minofu ya sangara inayopakiwa ndege kwenda Ulaya lazima iwe na karatasi ya maabara, kwa sababu mnunuzi anaidai. Mama anayechomea mchanganyiko wa zebaki na dhahabu jikoni kwake Geita au Chunya, mtoto akiwa pembeni, hadaiwi na mnunuzi yeyote karatasi ya hewa anayovuta. Wala kijana wa duka la dhahabu anayeichoma upya dhahabu ya wateja kutwa nzima ndani ya chumba kimoja. Vifaa vya kubebeka begani vinavyosoma mvuke wa hewani papo hapo, kwa mwanga uleule wa nanomita 253.7, vipo. Shirika la Afya Duniani liliweka mwongozo wa mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka. Mtu hahitaji nanogramu ili kujua kinachoendelea katika vyumba vile, anahitaji kuingia.

Nina ombi kwa wale wanaotoa fedha za utafiti huu, serikalini na kwa wafadhili. Mashine za ufyonzaji wa atomi, hizi zinazosoma mwanga uliomezwa, tayari zipo katika maabara zetu kadhaa, na mkija na mashine nyingine yenye bango la msaada itapigwa picha na kufungwa kwenye chumba chenye vumbi. Leteni asidi safi ya kutosha mwaka mzima, chupa za kioo, unga wa nywele na wa papa wa kujipimia, taa ya akiba, nauli ya kwenda machimboni badala ya sokoni tu, na mshahara wa kudumu wa mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuosha vyombo. Na ripoti ikiandikwa, itoeni pamoja na sampuli zake tupu.